Mume Wangu Alivyonisitiri

Wanawake wawili wa kanisani kwetu ndio walioniganda mpaka nikakubali kuandika haya. Mmoja miguu imeanza kumfa ganzi na anaogopa kwenda hospitali. Mwingine anatumia dawa ambayo bei yake hata kuitaja unaona haya, juzi amepata kazi, na kila tukikutana ananiuliza: nikianza kazi, si watanipokonya kadi ya dawa? Nimeshamjibu kwenye simu, nimemjibu kwenye maegesho ya kanisa, na bado anauliza. Haya, dada yangu, hii ni yako. Isome mpaka mwisho, hata pale patakapokuudhi.

Ugonjwa wenyewe sitauelezea. Daktari atakueleza na picha atakuchorea. Ni ule wa mishipa ya fahamu, unaokuruhusu utembee mwezi huu na kukulaza mwezi ujao. Mimi ulinianza jichoni, ukahamia miguuni, na siku moja ya baridi asubuhi nikaanguka kwenye ngazi za treni ya chini ya ardhi. Watu walinipita wakidhani nimelewa. Nilikaa pale kwenye theluji chafu nikicheka kwa aibu, nikimwambia kila aliyenitazama kwamba ni viatu.

Nimekulia Voi, na kazi yangu ilikuwa cherehani. Sikujua nyingine na sikuitaka nyingine. Hapa Toronto niliajiriwa kwenye duka la kufua na kurekebisha nguo, Barabara ya Eglinton, la mama mmoja wa Sri Lanka anayeitwa Vasanthi. Nilipunguza viuno, nikabadilisha zipu, nikapiga upindo suruali za watu wa ofisini, na magauni ya harusi yakija yalikuwa yangu peke yangu. Vasanthi hakumruhusu mtu mwingine ayaguse. Nilikuwa najisikia, sitakuficha. Nilikuwa nikipita barabarani nikimwona mtu amevaa koti nililolirekebisha, nageuka kulitazama mgongoni.

Nilipougua niliacha kazi, na daktari akanisaidia kuingia kwenye msaada wa serikali wa watu wenye ulemavu. Unapewa posho ndogo na kadi ya dawa. Posho ilikuwa haba, lakini kadi ndiyo iliyokuwa uhai wangu. Ndugu zetu wa nyumbani hawaelewi jambo hili. Wanadhani Kanada kila kitu ni bure. Kumwona daktari hulipi, kulazwa hulipi, ila dawa ni juu yako, au ya mwajiri wako kama ana bima. Vasanthi hakuwa na bima ya wafanyakazi. Mume wangu Mwadime anapakia mikate kwenye ghala huko Mississauga, na ameajiriwa kupitia wakala, kwa hiyo bima anaisikia tu kwa wengine.

Dawa yangu ilikuwa dripu ya kila mwezi. Chumba cha dripu kiko ghorofa ya juu, kina viti vya kulalia na dirisha linaloangalia paa za majengo mengine, na nesi wetu alikuwa Marlene, Mjamaika mwenye sauti ya kuita watu sokoni. Alikuwa akiniletea blanketi lililopashwa moto kabla sijaomba. Nami nilimpunguzia suruali zake za kazi, maana zilikuwa zikifagia sakafu. Mwanzoni niliingizwa pale kwa kiti cha magurudumu. Theluji ilipoyeyuka nilikuwa naingia na fimbo. Kiangazi kilipofika nikaanza kushona nyumbani, na miti ilipoanza kupukutisha majani Vasanthi akapiga simu: rudi, magauni yananishinda.

Nilirudi kazi ya siku nzima, na hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu ndipo tulipopotea. Kufanya kazi si kupona. Nikishakaa kwenye mashine nilikuwa fundi kamili. Lakini kabla ya kufika pale, asubuhi miguu yangu ilikuwa migumu kama mbao. Mwadime alininyanyua kitandani, akanikalisha bafuni, akaniosha, akanivalisha kuanzia ndani hadi koti, akanifunga kamba za viatu. Mkojo nao ulikuwa haunisubiri. Nilivaa pedi za watu wazima chini ya sketi, na juu yake nikajifunga leso hata ndani ya gari, kwa wasiwasi. Hayo yote tuliyajua sisi wawili. Binti yetu, Mkawasi, tulimwambia baba anamshika mama bafuni kwa sababu sakafu inateleza. Akina mama wa kanisani wakija na chapati zao wananikuta nimekaa kwenye kochi nimependeza, wanasema, "Mama Mkawasi, umeng'ara!" nami nasema, "Tunamshukuru Mungu."

Niliripoti kazi yangu kwenye ofisi ya msaada, kama inavyotakiwa. Posho ikakoma, na sikulalamika, mshahara nilikuwa nao. Kadi wakaniambia inaweza kubaki: mtu mwenye ulemavu akifanya kazi, na bado anahitaji dawa asizoweza kujilipia, kuna utaratibu wa kumwachia kadi. Kilichobaki ni wao kuangalia upya kama ulemavu bado upo. Watapiga simu.

Walipiga nikiwa ndio nimetoka kuoga. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda nimejifunga leso, Mwadime amepiga magoti mbele yangu na taulo, mguu wangu umekaa pajani pake. Nikaweka simu kwenye spika. Alikuwa binti mwenye sauti ya upole, na alipoona nasitasita kwa Kiingereza akauliza kama kuna mtu wa kunisaidia kujibu. Nikampa Mwadime simu.

Akauliza, mkeo anaoga mwenyewe?

Mwadime alinitazama. Taulo lilikuwa bado mkononi.

"Yes," akasema. "No problem."

Anavaa mwenyewe?

"No problem."

Je, ana shida ya kuzuia haja ndogo?

Mwadime akakaza sauti kabisa, ile anayotumia na wasimamizi kazini. "No, no. My wife is fine. She is a strong woman. She goes to work."

Yule binti akashukuru, akatutakia siku njema. Mwadime akaiweka simu kitandani, akamalizia kunikausha vidole vya miguu. Kule tulikozaliwa, mwanamume akimwelezea mgeni mkojo wa mkewe, amemvua nguo barabarani. Nilimtazama kichwa kile kimeinama, mvi zimeanza kujitokeza, nikajiambia, nimeolewa. Siku ile nilimpenda kuliko siku aliyonivisha pete, na siwezi kusema uongo kwamba sikumpenda.

Dripu iliyofuata, Marlene aliingiza namba ya kadi yangu kwenye kompyuta, akaingiza tena. Akavuta kiti akakaa karibu yangu, na Marlene hakuwa mtu wa kukaa. "Wakesho, mpenzi," akaniambia, "wamekufungia kadi. Wanasema huna ulemavu tena."

Nilirudi nyumbani bila dripu. Tulipopigia ofisi ile simu, tukaambiwa tunaweza kukata rufaa, na rufaa ina foleni. Marlene na daktari wakanitafutia njia nyingine. Zipo, na nitakusihi uziulizie mapema, kabla hujazihitaji: kuna mpango wa mkoa kwa watu ambao dawa zinawazidi kipato, kuna misaada ya watengenezaji wa dawa. Lakini kila mlango ulitaka karatasi ya mlango mwingine, na kila karatasi ilichukua majuma. Theluji ikaanza. Mwezi wa dripu ukapita, na uliofuata ukapita. Nilikuwa bado naenda kazini. Nikijisikia mzima nilijidanganya kwamba labda yule binti wa simu aliona sawa.

Karibu na Krismasi tulikuwa na gauni la harusi la hariri nyeupe. Nilikuwa napiga upindo kwa mkono, maana hariri ile haikutaka mashine. Vasanthi akapita na chai, akasimama ghafla, akaniita jina. Nikatazama chini. Sindano ilikuwa imepita kidole changu cha shahada, na doa jekundu limeshaenea kwenye kitambaa kama sahani ndogo. Sikuwa nimehisi lolote. Nilikuwa nimeendelea kushona, nimejishona kwenye gauni la mtu.

Nililazwa. Mdomo ulipinda, maneno yakawa mazito, mguu ukagoma kabisa. Wakanipa dawa kali za mishipani kwa siku kadhaa, mdomo ukarudi, maneno yakarudi, mguu ukarudi kiasi. Mkono wa kulia haukurudi. Upo, una joto, nikiutazama unafunguka na kujifunga. Nikifumba macho siujui uko wapi.

Nyumbani palikuwa kaburi. Mwadime aliendelea kuniosha kila asubuhi, lakini alikuwa akifanya hivyo ameangalia ukuta. Akaacha kula mezani, anakula amesimama jikoni. Siku moja, ananivalisha sweta, anaingiza ule mkono wangu kwenye mkono wa sweta kama anayemvalisha mtoto, nikashindwa kujizuia.

"Ungesema tu ukweli," nikamwambia.

Akaacha sweta likiwa nusu. "Ungesema wewe. Si ulikuwa umekaa pale?"

"Mimi nilikupa simu unisaidie."

"Nikusaidie nini, Wakesho? Nimwambie yule mtoto wa watu kwamba mke wangu anajikojolea? Wewe ungetaka hivyo?"

Jibu lilikuwa hapana, nisingetaka, na wote wawili tulilijua. Tangu hapo tukaongea maneno ya mwili tu: inua, geuka, shika hapa, basi. Tulikaa hivyo majuma mengi, watu wawili wanaogusana kila siku na wasiotazamana. Mkawasi aliweka uma chini jioni moja, akauliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakielewa ila hakimtoki, kama tunaachana.

"Hapana," nikamwambia. "Kula."

"Then why is Dad crying in the car?"

Sikujua analia garini. Nilikuwa nadhani mimi tu ndiye ninayelia.

Marlene ndiye aliyetuelekeza kwenye kliniki ya wanasheria wa bure. Wakili wetu alikuwa msichana wa Kisomali, Hodan, mwenye hijabu ya rangi ya kahawa na haraka nyingi. Alimhoji Mwadime kwa Kiingereza kwanza. Baadaye akaweka kalamu chini. "Baba," akasema, "kwa Kiingereza una maneno ya kazini tu. Kila ninachouliza unanijibu hakuna shida. Kwenye rufaa utasema Kiswahili. Nitaomba mkalimani."

"Nitasema nini?"

"Utaeleza asubuhi yenu. Tangu anapofungua macho."

Mwadime akanigeukia, mara ya kwanza tangu ile siku ya sweta. "Utanisamehe?" akaniuliza, na sikujua anauliza juu ya lile lililopita au lile linalokuja. Nikasema ndiyo kwa yote mawili.

Rufaa ilisikilizwa kwa video, majira ya kuchipua, sisi tumekaa ofisini kwa Hodan mbele ya skrini. Upande mmoja mzee mwenye miwani, ndiye mwamuzi. Upande mwingine mkalimani, mama mtu mzima wa Tanga, amejitanda mtandio, Kiswahili chake kimenyooka mpaka nikaona haya kwa changu. Alitusalimia kwa adabu zote, akasema yeye atatafsiri kila neno kama lilivyosemwa.

Mwamuzi akamwambia Mwadime aeleze asubuhi yetu.

"Namnyanyua," Mwadime akasema. "Namwogesha. Namsafisha huko chini, kwa sababu usiku huwa amejikojolea. Shuka naziondoa kabla mtoto hajaamka. Namvalisha chupi. Namwekea pedi. Siku nyingine haja kubwa pia inamtoka, analia, namwambia ni kitu kidogo." Alikuwa anasema polepole, mikono yake miwili imeshika ukingo wa meza. Baada ya kila sentensi yule mama wa Tanga aliirudia kwa Kiingereza, na mkalimani husema kana kwamba ni yeye: mimi namwogesha mke wangu, mimi naziondoa shuka. Nikawa nasikia mwili wangu ukisemwa mara mbili, kwa sauti ya mume wangu na kwa sauti ya mama wa makamo ya mama yangu. Nilitamani kuzima ile skrini. Nilikaa kimya, kwa sababu safari hii kimya changu kilikuwa na kazi.

Mwamuzi akauliza, na hakuuliza kwa ubaya: "Kwa nini kwenye simu ulisema kinyume cha haya yote?"

Mwadime akauachia ukingo wa meza.

"Kwa sababu alikuwa amekaa pale," akasema. "Uchi. Ananisikia."

Yule mama akafungua kinywa kutafsiri, akakifunga. Akanywa maji kidogo. Kisha akatafsiri, neno kwa neno, kama alivyoahidi.

Tulishinda. Kadi imerudishwa, na nitabaki nayo hata nikifanya kazi, mradi dawa nazihitaji. Kwa hiyo wewe unayeuliza kila Jumapili, jibu langu ni hili: nenda kazini. Unaweza kufanya kazi na ukabaki na kadi, ukiripoti kila kitu na ukiwaambia uhitaji wako. Lakini wakikupigia simu, usiwape salamu zetu za nzuri na salama na tunamshukuru Mungu. Usiwaeleze siku yako nzuri. Waeleze asubuhi yako mbaya kuliko zote, tangu unapofungua macho, na usimwachie mumeo jambo hilo, maana mume mwema ndiye atakayekuficha. Omba mkalimani hata kama Kiingereza unakijua. Na aibu utakayoiona, ione tu. Nami niliiona, na niko hapa.

Kabla ya dripu kurejea, Vasanthi alinifungulia duka Jumapili tujaribu, wateja wakiwa hawapo. Akanitegea kipande cha pamba cha kawaida, mstari ulionyooka, kitu cha mtoto anayejifunza. Mguu ulikanyaga vizuri. Mkono wa kushoto ulishika kitambaa. Wa kulia nikautazama sana usiniponyoke, lakini fundi hatazami mkono wake, anatazama sindano, na nilipotazama sindano mkono uliteleza ukaenda wenyewe chini yake. Vasanthi alizima mashine kwenye swichi ya ukutani. "Basi, dada," akasema. "Basi." Akaniweka kaunta. Napokea nguo, naandika vikaratasi kwa mkono wa kushoto, mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza. Watu wanaleta magauni yao, nami nayapokea, nawaambia yatakuwa tayari Alhamisi. Anayeyashona ni mtu mwingine.

Siku ya dripu ya kwanza Mwadime aliomba ruhusa kazini anisindikize. Marlene akaniletea blanketi lake la moto, akaingiza namba ya kadi kwenye kompyuta. Sote watatu tuliitazama ile skrini. Ikakubali. Marlene akapiga makofi mpaka wagonjwa wengine wakageuka, akanitafuta mshipa, akaniunganisha, akaangalia matone yanaanza kushuka. Akamgeukia Mwadime amechangamka kabisa; habari ya mkono hatukuwa tumemwambia.

"Umeona? Sasa atarudi kushona bila wasiwasi. Nina suruali nyingine mbili zinamsubiri!"

"Yes," Mwadime akasema. "No prob—"

Hakumaliza. Akatazama mkono wangu wa kulia uliolala juu ya blanketi, akasema, "Samahani," kwa Kiswahili, hata sijui kwa nani, akatoka nje. Mlango wa chumba kile haufungi vizuri. Nikamsikia kwenye korido, karibu na lifti, analia kwa sauti, mtu mzima, na watu wanapita.

Nikashika blanketi nikitaka kuinuka. Marlene akanishika bega, akaelekeza macho juu kwenye mfuko wa dawa. Ulikuwa bado umejaa. Nikajilaza. Nikawa namsikiliza mume wangu analia, na dawa inaingia.